Neva si waya: milango ya potasiamu na ujenzi usiozimiwa umeme

Karibu kila aliyesoma baiolojia sekondari anaukumbuka mchoro ule: seli ya neva yenye mkia mrefu, mkia wenyewe umevikwa vipande kama soseji zilizofuatana, na vishale vinaruka kutoka pengo moja hadi jingine. Chini yake imeandikwa kwamba myelini ni kama plastiki iliyofunika waya wa umeme. Nilijifunza hivyo, nikajibu mtihani hivyo, na kwa miaka mingi nikawaeleza hivyohivyo wadogo zangu walioniletea madaftari yao. Siku hizi naona mfano huo umetupotosha zaidi ya ulivyotusaidia. Si kwamba hauna ukweli wowote. Ila waya hutengenezwa kwanza, ukakamilika, ndipo ukapitishiwa umeme. Neva haisubiriwi namna hiyo. Inajengwa huku umeme unapita.

Mtazame mtoto wa wiki mbili. Ananyonya, analia, anakunja vidole akiguswa kiganja. Yote hayo yanapita kwenye nyuzi za neva ambazo ujenzi wake bado haujakamilika. Kasi ya ishara katika neva za mikono na miguu yake ni takriban nusu ya ile ya mtu mzima, na ataifikia ya mtu mzima akiwa na miaka mitatu hadi mitano hivi. Ndani ya ubongo kazi ya kuvika myelini huendelea mpaka anapoingia utu uzima. Kwa muda wote huo hakuna fundi anayeshuka kwenye mita na kuzima swichi. Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: ni nini kinachozuia mtandao ambao haujakamilika, wenye viungo visivyokazwa na magamba membamba, usilipuke kwa cheche?

Jibu, kwa sehemu kubwa, ni milango ya potasiamu, yaani protini za kwenye utando wa neva zinazofunguka na kufungika kupitisha potasiamu. Jinsi wanasayansi walivyofika hapo ni kisa chenye mafunzo, kwa kuwa nusu ya safari walikuwa wanatazama mahali pengine.

Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley walichapisha kazi waliyoifanya kwa uzi mnene wa neva ya ngisi, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Neva ikiwa imetulia, ndani yake kuna chaji hasi ya takriban milivolti 70 ukilinganisha na nje. Ishara inapofika, milango ya sodiamu hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi na ndani hugeuka chanya. Milango ya potasiamu huchelewa kidogo, kisha nayo hufunguka, potasiamu hutoka, na neva hurudi kwenye utulivu wake. Yote hayo huisha katika muda wa milisekunde chache. Sodiamu inawasha, potasiamu inazima. Ndivyo vitabu vinavyosema hadi leo, na kwa ngisi ni kweli tupu.

Lakini ngisi hana myelini. Chura anayo, na vipimo vilivyofanywa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwenye vifundo vya Ranvier, yale mapengo madogo kati ya soseji za mchoro wetu, vilionyesha mkondo wa potasiamu pia. Basi watu wakatulia: mamalia naye atakuwa hivyo. Mwaka 1979 S. Y. Chiu, J. M. Ritchie na wenzao wakapima kifundo cha neva ya sungura na wakakuta jambo lisilotarajiwa. Mkondo wa sodiamu ulikuwepo, tena mkubwa. Wa potasiamu ulikuwa karibu haupo. Neva ya sungura ilikuwa inazima ishara yake bila kuhitaji mlango ule ambao vitabu viliuita wa lazima; milango ya sodiamu ilikuwa inajifunga yenyewe haraka, na chaji iliyobaki ikavujia nje kwenye utando.

Hapo mtu angeweza kuhitimisha kwamba mamalia hawana milango hiyo katika nyuzi zenye myelini, au kwamba haina kazi. Chiu na Ritchie hawakuishia hapo. Waliilegeza myelini pembeni mwa kifundo kwa njia za kimaabara, wakapima tena, na mkondo wa potasiamu ukajitokeza. Milango ilikuwepo siku zote, imefunikwa. Nauthamini sana uamuzi ule wa kutofunga jalada mapema. Kipimo kilichosema "hakuna" kilikuwa kimepima mahali milango ilipokuwa imeondoka, nao wakaenda kutafuta ilikohamia.

Leo ramani ya eneo hilo inajulikana vizuri. Kifundo chenyewe kina urefu wa takriban maikromita moja tu, na kimejaa milango ya sodiamu, zaidi ya elfu moja kwa kila maikromita ya mraba. Pande zote mbili za kifundo kuna paranodi, mahali ambapo kingo za myelini zimekaza kabisa juu ya uzi wa neva, zikishikiliwa na protini ziitwazo Caspr na kontaktini upande wa neva, na neurofasini-155 upande wa seli inayotengeneza myelini. Ni kama ukuta wa kiwanja. Nyuma ya ukuta huo, chini ya myelini, kuna eneo la jukstaparanodi, na huko ndiko milango ya potasiamu ya aina ya Kv1.1 na Kv1.2 imepangwa kwa wingi, ikishikiliwa na protini nyingine, Caspr2 na TAG-1. Panya waliozaliwa bila Caspr walionyesha thamani ya ukuta: milango ya potasiamu iliteleza ikasogea hadi pembeni mwa kifundo, ishara zikapungua kasi, na wanyama wenyewe wakawa wanatetemeka na kuyumba.

Tazama basi mfano wa plastiki unavyoanza kukatika. Plastiki haipangi chochote ndani ya waya. Myelini inaamuru nani akae wapi. Na si kitu kilichopakwa juu: ni seli hai, seli ya Schwann huko mikononi na miguuni, oligodendrosaiti ndani ya ubongo na uti wa mgongo, iliyojizungusha mara nyingi kuuzunguka uzi na kuzungumza nao kwa protini muda wote.

Milango ile haikuanzia kule nyuma ya ukuta, na hapa ndipo utoto wa neva unapoingia. Mwaka 1999 kundi la Peter Shrager huko Rochester, Marekani, lilichapisha uchunguzi wa neva kubwa ya paja ya panya tangu siku ya kwanza ya kuzaliwa. Katika wiki ya kwanza, milango ya sodiamu ilikuwa tayari inakusanyika pale vifundo vinapozaliwa. Milango ya potasiamu ilikuwepo lakini haijapangwa, na hata hivyo ilikuwa inafanya kazi: ilifupisha ishara na kuharakisha neva kuwa tayari kwa ishara inayofuata. Ilipofika karibu wiki moja, makundi yake ya kwanza yakaonekana, na mahali yalipoonekana ndipo panaposhangaza. Yalikuwa ndani ya kifundo chenyewe na kwenye paranodi. Kuanzia wiki ya pili hadi ya nne ndipo yalipohamishwa hatua kwa hatua kwenda kujificha chini ya myelini.

Kisha wakajaribu kuiziba milango hiyo kwa dawa. Kwa neva ya panya aliyekomaa hakukutokea jambo kubwa. Kwa neva iliyokuwa katikati ya uhamisho, ishara moja iliyotumwa ilizaa mfululizo wa ishara. Neva iliombwa neno moja, ikajibu kwa kelele. Na kadiri milango ilivyozidi kuhamia nyuma ya ukuta, ndivyo dawa ilivyozidi kupoteza nguvu. Kundi la watafiti Waxman na Kocsis lilikuwa limeona dalili za mabadiliko hayo ya umri tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kazi ya Rochester ikaonyesha kwa macho milango yenyewe ikisafiri.

Kwa nini neva changa iwe hatarini kiasi hicho? Myelini yake ni nyembamba na vipande vyake ni vifupi. Ukuta wa paranodi haujakazwa. Ishara inapopita, sehemu ya chaji hupenya chini ya myelini na kubaki humo, kisha huanza kurudi polepole kifundoni. Wakati huo milango ya sodiamu imeshapumzika na iko tayari. Inakuta chaji inayorudi, inadhani ni ishara mpya, inawaka tena. Mlango wa potasiamu ulio wazi palepale kifundoni humwaga chaji hiyo nje kabla haijaleta madhara. Kuna jambo dogo katika taarifa ile ambalo sijaacha kulifikiria: katika wiki tatu za kwanza, mara nyingi makundi ya potasiamu yalikuwa upande mmoja tu wa kifundo, ule wa mbali na mwili wa seli, ambako ishara inaelekea. Ujenzi ulianza upande mmoja.

Nikitafuta mfano wa kuliweka badala ya waya, akili inanipeleka kwenye saiti ya ujenzi. Fundi akimwaga zege la ghorofa haondoki akaliacha lielee. Chini huwa amesimamisha mirunda, miti mingi iliyobanana, ikibeba uzito mpaka zege lishike. Mpita njia akiiona nyumba ya mtu imejaa miti ndani atadhani ni fujo. Akirudi baada ya mwezi, miti haipo, na hatajua kwamba bila hiyo dari lingemwangukia fundi. Milango ya potasiamu kifundoni ni mirunda ya neva. Tofauti moja ni kubwa, nayo ndiyo inayonivutia zaidi: neva haiitupi mirunda yake. Inaihifadhi jirani, chini ya sakafu.

Wapo wanaosema kwamba kwa mtu mzima milango hiyo ni masalia tu, kama kitovu. Hoja yao ina ushahidi. Panya wasio na Caspr2 hupoteza mpangilio wa milango hiyo, ikatawanyika chini ya myelini, na bado kasi ya ishara zao haikutofautiana na ya wenzao. Naukubali ushahidi, lakini naona hitimisho ni la haraka, kwa sababu ya watu walio hai wanaoishi na hitilafu ya mlango wenyewe. Mwaka 1994 jeni ya KCNA1, inayotengeneza mlango wa Kv1.1, ilitambuliwa kuwa chanzo cha ugonjwa wa kurithi uitwao ataksia ya vipindi ya aina ya kwanza. Mwenye ugonjwa huo anaweza kushtushwa, au kuanza kukimbia, na ghafla akapoteza uwiano wa mwili kwa sekunde au dakika kadhaa. Mashambulizi hayo hutokana zaidi na ubongo wa nyuma. Lakini hata anapokuwa hana shambulio, misuli yake hutetemeka mawimbi madogomadogo chini ya ngozi, na hayo hutoka kwenye neva za pembeni zinazowaka bila kuamriwa.

Panya wasio na Kv1.1 kabisa walitoa kidokezo cha mahali panapowaka. Walipoogeleshwa kwenye maji baridi, misuli yao ilikakamaa na kutetemeka, na chanzo kilifuatiliwa hadi karibu na ncha ya neva, pale inapokaribia kuugusa msuli. Sehemu hiyo ina sifa ya pekee: vipande vya myelini huwa vifupi kadiri ncha inavyokaribia. Yaani mwisho wa neva, hata kwa mtu mzima, unabaki na umbo la neva changa. Pale ambapo utoto haukuisha, mirunda bado inabeba mzigo. Sijui ushahidi mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kwamba historia ya ujenzi wa neva haiishii utotoni.

Na ujenzi huo unaweza kurudi. Myelini huharibika. Katika maltipo sklerosisi, ugonjwa unaoonekana zaidi Ulaya ya kaskazini kuliko kwetu karibu na ikweta, kinga ya mwili huishambulia myelini ya ubongo na uti wa mgongo. Katika ugonjwa wa Guillain-Barré, unaotokea popote duniani, mara nyingi shambulio huwa kwenye myelini ya neva za mikono na miguu. Sumu ya bakteria wa dondakoo huharibu myelini pia. Na bakteria wa ukoma, ugonjwa ambao Tanzania bado inapambana nao, huingia na kukaa ndani ya seli za Schwann zenyewe. Njia ni tofauti, ila magonjwa haya yote yanalifikia lile ganda hai.

Myelini ikiondoka, milango iliyokuwa imefichwa inabaki wazi. Kwa neva iliyokomaa hiyo ni hasara mbili kwa mpigo. Chaji inayopaswa kufika kifundo cha mbele inavuja njiani kwa kukosa ganda, na hiyo kidogo inayobaki inamwagwa nje na milango ya potasiamu. Ishara inakatika. Hii ndiyo sababu ya kuwepo kwa dawa ya 4-aminopiridini, ambayo huziba milango hiyo. Historia yake inasisimua: kemikali hiyohiyo ilitumika kama sumu ya kufukuzia ndege. Mwezi Januari 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha vidonge vyake, vya miligramu 10 mara mbili kwa siku, kuwasaidia wenye maltipo sklerosisi kutembea. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2009, takriban theluthi moja ya waliopewa dawa waliboreka kasi ya kutembea kwa uthabiti, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa kidonge kitupu. Hatari yake kuu ni degedege, na kuzidisha dozi hakufai kabisa.

Mwenye maltipo sklerosisi huwa hoi zaidi mwili ukipata joto, jambo lililoelezwa na daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff mwaka 1890. Joto hufanya milango ya sodiamu ijifunge upesi mno, ishara ikawa fupi na dhaifu kiasi cha kutovuka eneo lililovuliwa ganda. Kuziba potasiamu huirefusha ishara ile, ikapata nguvu ya kuvuka. Ndiyo maana dawa inayoonekana haina kazi kwa neva nzima inakuwa msaada kwa neva iliyovuliwa.

Ila neva iliyovuliwa haikai vilevile. Mwaka 1998 watafiti wa Rochester hukohuko walikuwa wameondoa myelini kwenye neva za panya wakubwa na kufuatilia ukarabati. Seli za Schwann ziliporudi kuzungusha myelini mpya, milango ya potasiamu haikwenda moja kwa moja kwenye makao yake ya zamani. Ilitokea kwanza kifundoni, ikahamia paranodi, kisha ikaingia jukstaparanodi. Hatua zilezile za mtoto mchanga, kwa mpangilio uleule, ndani ya mnyama mzima. Neva inayopona inarudia utoto wake.

Hapo ndipo msimamo wangu unaposimama, na naona una uzito wa kitabibu, si wa darasani tu. Tukimchukulia mgonjwa wa myelini kama mtu mwenye waya uliochubuka, tutafikiri kwamba neva zake ni za aina mbili: zilizo nzima na zilizochubuka. Kwa kweli anabeba tatu kwa wakati mmoja: zilizokomaa, ambazo dawa ya kuziba potasiamu inazipita bila kuzigusa sana, zilizovuliwa, ambazo dawa hiyo inaziokoa, na zinazojengwa upya, zilizo katika ile hatua ambapo kuziba potasiamu kuliifanya neva ya panya mchanga iwake mfululizo. Miongoni mwa wanaotumia dawa hii wapo wanaohisi miili yao ikiwachonyota kama wanachomwa sindano ndogondogo. Sioni kwa nini tuanze na dhana kwamba hayo yanatoka kwenye neva zilizochoka, wakati tunajua kuna neva changa mle ndani zilizonyang'anywa mirunda yake. Na katika kutafuta dawa za kuhimiza myelini ikue upya, jambo linalofanyiwa kazi kwa juhudi sasa, mafanikio yenyewe yataongeza idadi ya nyuzi zilizo katika hatua hiyo ya hatari. Daktari atakayekuwa anampa mgonjwa dawa ya kukuza myelini pamoja na ya kuziba potasiamu atahitaji kujua wiki gani ni ya nini.

Kwa watoto hoja ni nzito zaidi. Dawa hii haijathibitishwa usalama wake kwa walio chini ya miaka 18, na biolojia niliyoeleza inaonyesha kwa nini umri hapa si suala la kupunguza dozi kulingana na kilo. Kidonge kisichotikisa neva ya baba kinaweza kuikuta neva ya mwanawe mahali ambapo mlango uleule bado umesimama katikati ya kifundo ukifanya kazi. Hata milango mingine ya potasiamu inayobaki kifundoni maisha yote ina siri zake za umri: hitilafu za jeni ya KCNQ2, zilizotambuliwa mwaka 1998, husababisha kifafa cha kurithi kinachomwanza mtoto katika siku zake za kwanza duniani, na mara nyingi kikaisha chenyewe ndani ya miezi. Jeni haijabadilika katika miezi hiyo. Kilichobadilika ni ubongo unaoitumia.

Ningeomba basi waandishi wa vitabu vyetu vya baiolojia wafanye kazi ndogo. Wasiuondoe mchoro wa soseji. Waongeze miwili kabla yake. Wa kwanza uonyeshe uzi wenye milango ya potasiamu iliyotawanyika na ya sodiamu ikianza kukusanyika, seli za Schwann zikianza kuuzungushia myelini. Wa pili uonyeshe kifundo kinachozaliwa, sodiamu katikati, na potasiamu ikiwa imesimama palepale pamoja nayo, myelini ikiwa bado nyembamba. Wa tatu ndio ule tunaoujua, ila kwa rangi nyingine ionyeshwe milango ya potasiamu ikiwa imehamia chini ya myelini, pande zote mbili, nyuma ya ukuta. Na chini ya kila mchoro uandikwe umri wa panya: siku ya 3, siku ya 10, siku ya 28.